Kompyuta ya gemu kwa pesa ya kuungaunga

Ukipita Darajani au Mlandege, hapa mjini Zanzibar, kutafuta kompyuta ya gemu, usibabaishwe na mataa ya rangi. Chukua ya ofisi iliyotumika, yenye kasha kubwa (yale membamba hayapokei kadi nyingi), kisha uongeze kadi ya grafiki (inayochora picha za gemu). Lakini ifungue kwanza utazame pawasaplai (kisanduku cha kugawa umeme): nyingi za ofisi hazina waya wa ziada wa kadi, na nafasi ya kadi kwenye mazabodi (bodi kuu) hutoa wati 75 tu. Kadi ya GTX 1650 isiyo na tundu la waya hutosheka na hizo. Ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi), vipande viwili vya GB 8 hushinda kimoja cha 16. Na mulika tochi kwenye pini. Hewa yetu ya chumvi haina huruma. Ukiona ukijani wa kutu, muachie mwenyewe.