Mashindano ya kikapu ya vyuo ndani ya mji mmoja wakati wa janga: namna ya kuyapanga

Kamati ikikutana mara ya kwanza, mazungumzo hukimbilia viwanja: kipi kikubwa, kipi kina taa nzuri, kipi watu wa televisheni watakipenda. Wakati wa janga hayo yasubiri. Mji unachaguliwa kwa hoteli zake, korido zake na maabara yake.

Mfano mzuri ni Indianapolis, mji mkuu wa jimbo la Indiana, Marekani, uliobeba karibu mashindano yote ya wanaume ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya huko, mwaka 2021: timu 68, mechi 67 kwenye ratiba, kuanzia 18 Machi hadi 5 Aprili. Mwaka uliotangulia mashindano hayo yalifutwa kabisa kwa sababu ya UVIKO-19. Mji huo una viwanja, ndiyo, lakini faida yake kubwa ni kwamba hoteli kadhaa za katikati ya mji zimeunganishwa na ukumbi wa Indiana Convention Center kwa madaraja ya juu yaliyofunikwa. Mchezaji anatoka chumbani, anakwenda mazoezini na kurudi kula bila kukanyaga barabara. Kama mji wako hauna kitu cha namna hiyo, tafuta hoteli zilizo karibu karibu, zenye mlango wa pembeni unaoweza kuufunga kwa watu wengine.

Hesabu watu kabla ya kuhesabu mechi

Weka kikomo cha msafara na usikilegeze hata kwa rais wa chuo. Indiana kila timu iliruhusiwa watu 34, wachezaji, makocha, daktari na wengineo wote wakiwemo. Zidisha kwa timu 68 upate watu 2,312, na hapo hujagusa waamuzi wala wafanyakazi. Kila mtu apewe chumba chake. Wawili wakilala chumba kimoja, mmoja akiugua umepoteza wawili, na wachezaji huoneana huruma wakaanza kufichiana kikohozi.

Timu moja, ghorofa moja. Vyumba vya wagonjwa viwe ghorofa nyingine, au hoteli nyingine ikiwezekana, na vilipiwe tangu mwanzo hata kama vitakaa vitupu. Tenga visivyopungua viwili kwa kila timu.

Waliobaki wagawe kwa makundi. Kundi la kwanza ni wanaovua barakoa karibu na wachezaji au kugusana nao: timu zenyewe na waamuzi. La pili ni wanaoingia jengo lilelile lakini wana umbali wao: watu wa meza ya alama, wafagiaji wa sakafu, madereva wa mabasi. La tatu halikutani na hao kabisa, kama walinzi wa nje na mafundi wa magari ya matangazo. Kila kundi livae kitambulisho cha rangi yake, kikubwa, kinachosomeka kutoka mita tano. Mlinzi asilazimike kumsogelea mtu ili ajue kama anaruhusiwa kupita.

Kitakachokusumbua kuliko unavyodhani ni lifti. Ukiruhusu watu wanne kwa safari, msafara wa watu 34 unahitaji safari tisa. Kila safari ikichukua dakika tatu kwenda na kurudi, timu moja inakula karibu nusu saa ya lifti moja. Timu nne zikitakiwa kushuka wakati mmoja, utawakuta wote wamesongamana koridoni wakisubiri, na kazi yote ya kuwatenganisha imeharibikia hapo. Andika ratiba ya lifti kama unavyoandika ratiba ya mechi, na mweke mtu pale chini mwenye karatasi na simu ya upepo.

Mabasi nayo: basi la watu hamsini na kitu libebe 17 tu, kwa hiyo kila timu ina mabasi mawili, na watu walewale warudie viti vilevile kila siku. Anayekaa nyuma ya nani ni jambo ambalo daktari atakuja kuuliza.

Vipimo na saa zake

Utaratibu wa Indiana ulikuwa na ngazi tatu. Kwanza, kila mtu wa kundi la kwanza alete majibu hasi ya siku saba mfululizo kabla ya kuondoka nyumbani. Pili, akifika anajifungia chumbani mpaka apate majibu hasi mawili, ya siku mbili tofauti, yaliyopishana kwa saa 12 au zaidi. Tatu, kipimo kila siku hadi timu itolewe. Ukiruka ngazi ya kwanza kwa kuwa “watapimwa wakifika”, utakuwa umemleta mgonjwa kwenye ndege pamoja na timu nzima.

Kwa kipimo cha PCR, kile kinachosomwa maabara, siku yenye mechi ya saa 8 mchana iende hivi:

– saa 12 asubuhi: sampuli zinachukuliwa, timu moja baada ya nyingine, kabla ya kifungua kinywa;
– saa 1:30: sampuli zinaondoka kwenda maabara kwa gari moja lisilo na kazi nyingine siku hiyo;
– saa 5 asubuhi: majibu yote yamefika kwa daktari wa mashindano, siyo kwa kocha;
– saa 5:30: timu inaruhusiwa kupanda basi.

Maabara ikichelewa saa mbili, mechi nayo inachelewa, na uwanja wenye mechi nne unaharibika siku nzima. Kwa hiyo mkataba wa maabara utaje saa ya majibu, usitaje tu idadi ya vipimo. Uwe pia na maabara ya pili iliyo tayari. Hapa si pa kubana matumizi.

Makosa ya kawaida ni ya karatasi. Lebo mbili hubadilishana, hasa kwa wachezaji wenye jina moja la ukoo. Tumia msimbo unaosomwa kwa mashine, na mchezaji mwenyewe aangalie jina lake kwenye kichupa kabla hajaondoka mezani. Amua mapema jibu chanya la kwanza litafanywaje: mtu anatengwa papo hapo, sampuli inarudiwa, na hakuna tangazo kabla ya jibu la pili. Wale waliougua wakapona ndani ya siku 90 waorodheshwe mbali, kwa sababu PCR inaweza kuokota mabaki ya virusi hata mtu akiwa hawezi tena kuambukiza.

Indianapolis walipima zaidi ya mara 28,000, na majibu 15 tu yakathibitishwa kuwa chanya. Kilichosaidia ni ile wiki nzima ya vipimo vya nyumbani.

Nani alikaribiana na nani

Mwongozo wa wakati ule ulihesabu mtu kuwa amekaribiana na mgonjwa kama walikuwa ndani ya mita 1.8 kwa jumla ya dakika 15 ndani ya saa 24. Kumbukumbu ya mtu haiwezi kazi hiyo. Muulize mchezaji wa miaka 19 jana alikaa na nani, atakwambia “na wenzangu”. Ndiyo maana kundi la kwanza lilivalishwa vifaa vidogo vya kampuni ya Kinexon vinavyorekodi umbali na muda kati ya mtu na mtu. Bila hivyo, jibu moja chanya linaweza kukulazimisha kuifungia timu nzima. Ukiwa na rekodi, unafungia wawili au watatu.

Vina udhia wake. Vifaa viwili vikitupwa kwenye begi moja wakati wa kuoga vitaandika saa nzima ya kukaribiana isiyokuwepo. Kingine husahaulika kitandani, na mwenyewe anaonekana hakukutana na mtu siku nzima. Meneja wa vifaa avikusanye kwa namba, kila kimoja kwenye chaja yake, na aandike saa alivyovipokea na saa alivyovirudisha.

Waamuzi wasisahauliwe. Kabla hata mpira wa kwanza haujarushwa juu, waamuzi sita waliondolewa mashindanoni: walifika wakakuta vyumba havijawa tayari, wakaruhusiwa kutoka kwenda kula pamoja, kisha mmoja akakutwa na virusi. Chumba kiwe tayari kabla ndege haijatua, na chakula cha kwanza kiwe kwenye mfuko mlangoni. Waamuzi wa akiba nao wafuate ngazi zilezile za vipimo, la sivyo ni wa akiba kwa jina tu.

Viwanja na mazoezi

Baada ya mechi nne za mchujo zinabaki timu 64. Raundi mbili za kwanza ni mechi 48 ndani ya siku nne, na siku mbili za mwanzo zina mechi 16 kila moja. Mechi ya vyuo huchukua saa mbili na robo hivi. Ongeza dakika 45 za kutoa watu, kufuta viti na kuingiza timu mpya, upate saa tatu. Uwanja mmoja basi unabeba mechi nne kwa siku, na hiyo ni kwa kunyoosha sana. Indiana walitumia majengo sita: Lucas Oil Stadium, Bankers Life Fieldhouse, Hinkle Fieldhouse na Indiana Farmers Coliseum ndani ya Indianapolis, pamoja na Mackey Arena ya West Lafayette na Assembly Hall ya Bloomington, kila mji kama saa moja kwa basi. Ndani ya Lucas Oil walitandika sakafu mbili lakini mechi ikachezwa moja kwa wakati, ili moja ikisafishwa nyingine inapigiwa.

Mazoezi yana hesabu yake. Dakika 90 za mazoezi na 30 za usafi ni saa mbili. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku uwanja mmoja una nafasi sita, kwa hiyo timu 64 zinahitaji viwanja 11. Timu zikishushwa moja kwa moja hadi 16 baada ya siku nne, viwanja vingi vinabaki bure. Andika mkataba wa kukodi sakafu kwa awamu, usilipie 11 mpaka fainali.

Watu pia wanahitaji jua. Kukaa chumbani wiki tatu kunamwondolea mchezaji usingizi na hamu ya kula. Indianapolis walitumia uwanja wa besiboli wa Victory Field, jirani tu, timu zikaenda kwa zamu kutembea na kurushiana mipira.

Timu ikianguka, nani anacheza?

Hizi kanuni ziandikwe na zisainiwe kabla ya droo. Zikiandikwa baada ya jibu chanya, kila kocha atakuwa na tafsiri yake.

NCAA waliweka hivi: timu yenye wachezaji watano wazima inacheza. Timu nne za akiba, Louisville, Colorado State, Saint Louis na Ole Miss, zilisubiri kwa saa 48 baada ya timu za mashindano kutangazwa. Timu ikijitoa ndani ya muda huo, ya akiba inachukua nafasi yake palepale bila kupanga upya. Muda ukipita, hakuna mbadala, na mpinzani anasonga mbele. Ilitokea mara moja. Tarehe 20 Machi chuo cha Virginia Commonwealth (VCU) walikutwa na maambukizi saa chache kabla ya kucheza na Oregon. Mechi ikafutwa, Oregon wakapita. Inauma, ila ratiba ya wengine haikusogea hata dakika.

Chuo kingine, Virginia, nao walikwama karantini kwao, wakafika Ijumaa, wakacheza na Ohio Jumamosi na kufungwa 62 kwa 58. Kama unaruhusu timu ifike mkesha wa mechi, kanuni iseme itapimwa wapi na itafanya mazoezi lini.

Wanaume na wanawake, orodha moja ya manunuzi

Mashindano ya wanawake ya mwaka huohuo yalifanyika San Antonio na miji ya jirani kwa timu 64. Tarehe 18 Machi mchezaji wa Oregon, Sedona Prince, alirusha video: wanaume wana ukumbi mzima wa vyuma vya mazoezi, wanawake wana rafu moja ya dambeli. Maelezo ya kwanza yalikuwa nafasi haitoshi. Video ikaonyesha nafasi ilikuwepo. Hata vipimo vya kila siku vilitofautiana, wanaume PCR na wanawake antijeni, kile cha majibu ya haraka. Ofisi mbili zikinunua mbalimbali bila mtu mmoja anayelinganisha, hivyo ndivyo inavyokuwa. Andika orodha moja ya chakula, vyuma, vipimo na zawadi za chumbani, kisha izidishe kwa idadi ya timu.

Kwa wanaume kule Indiana, watazamaji waliruhusiwa hadi asilimia 25 ya uwezo wa jengo, familia na wafanyakazi wakihesabiwa humo, na kila mchezaji na kocha akipata hadi tiketi sita za familia. Ziuze nyingine baada tu ya kuhakikisha hizo zimetoka.

Kwa mwenye mashindano madogo, Kigali ni kipimo kizuri zaidi kuliko Indiana: Mei 2021 msimu wa kwanza wa Basketball Africa League ulichezwa wote ndani ya Kigali Arena, timu 12 na mechi 26, uwanja mmoja.

Kufunga

Timu iliyofungwa iondoke usiku uleule au asubuhi yake, ikiwa na majibu ya kipimo cha mwisho na imerudisha vifaa vyote kwa namba. Ghorofa yake ifungwe mpaka isafishwe. Usiihamishie timu nyingine kwa sababu ina mandhari nzuri.

Aliyekutwa na virusi hapandi ndege na wenzake. Mwongozo wa wakati ule ulimtaka abaki siku kumi, na mtu mmoja wa chuo chake abaki mjini kwa ajili yake. Fainali ya Indianapolis, Baylor 86 na Gonzaga 70, ilikuwa tarehe 5 Aprili. Mchezaji ambaye angekutwa na virusi asubuhi hiyo angehitaji chumba, chakula na daktari hadi tarehe 15. Mkataba wa vyumba vya wagonjwa usome tarehe hiyo ya pili.