Simu ilale sebuleni

Wazazi wenzangu wa Kigoma, likizo hii jaribuni hili: usiku simu ichajiwe sebuleni, isiingie kabisa chumba cha watoto. Kwetu hapa Ujiji, tukishamaliza ugali na migebuka, simu zote zinapanda juu ya kabati, yangu na ya baba yao zikiwemo. Hilo la zetu ndilo gumu, na ndilo lenye nguvu, maana mtoto anafuata anachokiona.

Mchana, usimpokonye simu katuni ikiwa katikati. Hapo ndipo kilio kinapoanzia. Patana naye mapema: "Katuni mbili, kisha unaniletea mwenyewe." Wangu wa miaka 6 alilia siku mbili za mwanzo. Sasa ananikabidhi simu, huyo, anakimbilia rede chini ya mwembe.

Aliye chini ya miaka 2 asipewe kabisa. Wa miaka 2 hadi 4, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Najua simu inamtuliza ukiwa jikoni. Mpe sufuria na mwiko, akae karibu nawe "apike" chake.