Martini ya nyumbani kwa vyombo vya jikoni, hatua kwa hatua

Martini ni kinywaji ya baridi ya gin (pombe kali) yenye kuchanganywa na vermouth. Hapa Goma watu wengi wanaonja martini mbaya halafu wanasema gin njo iko mbaya, kumbe mara nyingi shida iko kwa vermouth. Vermouth ni divai yenye iliongezewa pombe na majani yenye uchungu, kwa hiyo ikishafunguliwa hewa inaiharibu, na mimi kwa kazi yangu ya baa naona kila mara chupa imekaa wazi juu ya rafu miezi na miezi kama vile ni whisky.

Hatua ya kwanza, kununua. Gin chukua London Dry ya kawaida, Gordon's ao Beefeater, inatosha kabisa. Vermouth iwe dry, maana yake yenye haina sukari mingi, Noilly Prat ya Ufaransa ao Martini Extra Dry ya Italia (hapa Martini ni jina ya kampuni, si kinywaji yenyewe), usichukue Bianco wala Rosso ju hizo ziko na sukari mingi. Ukiifungua, weka kwa frigo na uimalize ndani ya mwezi moja ao mbili, yenye inabaki pikia samaki, tilapia inaipenda sana.

Hatua ya pili, barafu, na hapa tafadhali usifanye haraka. Barafu ikiyeyuka maji yake inaingia kwa kinywaji, karibu sehemu moja kwa tano ya vere yako itakuwa maji, sasa kama uligandisha maji yenye inanusa klori utakunywa klori. Chemsha maji, yapoe, gandisha vipande vikubwa, tena mbali na samaki ju barafu inashika harufu. Umeme ukikatika na barafu ikaanza kulowana, mwaga ile maji yote mbele ya kuitumia, barafu yenye imelowa inaongeza maji kabla kinywaji hakijapoa.

Vere iweke kwa konjelateri dakika kumi na tano hivi.

Sasa kupima. Vijiko 4 vya supu vya gin, ni kama ml 60, na vijiko 2 vya chai vya vermouth, ni ml 10. Wenye kupenda laini waongeze vermouth mpaka nusu kwa nusu, iko tamu sana na haina aibu yoyote. Mimina ndani ya chupa safi ya mayonezi, ile ya mdomo mpana, jaza barafu, kisha koroga na kijiko kirefu polepole sekunde 30. Usitikise! Ukitikisa hewa inaingia, vipande vidogo vya barafu vinavunjika, kinywaji kinakuwa na ukungu na maji mingi. Chuja na kichujio ya chai.

Mwisho kata ganda ya sitroni, ile ya njano tu bila nyeupe ju nyeupe iko chungu, ibinye juu ya vere mpaka mafuta yake iruke, halafu iangushe ndani. Zeituni pia sawa.

Kama gin yako inalala kwa konjelateri haitaganda, lakini itayeyusha barafu kidogo tu, basi koroga zaidi, karibu dakika moja, ju bila ile maji inachoma koo. Na vere hii ndogo iko na pombe kupita bia ya cl 33, kwa hiyo kunywa polepole na kama ulikuja na moto yako (pikipiki), iache.