Jaketi la jinzi lenye jina la kanga mgongoni

Jaketi la mitumba likipachikwa vipande vya kanga huwa vazi la peke yake, kwa sharti moja: ukate kanga kwa kuijua. Kanga ina pindo (ukingo unaoizunguka), mji (sehemu ya katikati) na jina (maandishi yake). Pindo hupendeza mahali parefu na pembamba kama mkono au ukingo wa chini. Mji hutoa maua na michoro mikubwa ya korosho ya kupachika mmojammoja. Jina linakaa mgongoni.

Epuka jinzi inayovutika. Kanga ni pamba isiyotanuka, kwa hiyo ukiinua mkono jaketi linavutika, kipande kinagoma, na mshono unakatika karibu na kwapa. Tafuta jinzi ngumu yenye mgongo mpana, saizi moja juu ya yako.

Kabla ya kwenda dukani, pima mgongo wa jaketi kutoka mshono hadi mshono. Ukipata sentimita 38, ujue majina mengi ya kanga hayatoshei hapo. Chagua fupi, mfano "Wema hauozi", au refu utakaloligawa mistari miwili bila kukata neno katikati. Lisome vizuri pia. Kanga hupeleka ujumbe, na utakayempa mgongo anaweza kudhani amepigwa kijembe. Vaa neno unalolisimamia.

Kwa kuwa kanga huuzwa doti, yaani mbili pamoja, ukiharibu moja unayo ya pili.

Kanga mpya ina wanga, hunywea ikilowa, na huchuja rangi, hasa nyekundu na nyeusi. Iloweke usiku kucha kwenye maji baridi, kisha ifue peke yake mpaka maji yatoke meupe. Halafu ipime: tandaza juu yake kitambaa cheupe kilicholowa, pitisha pasi ya moto. Kikishika rangi, rudia kufua. Wengi husifu chumvi, lakini haizuii rangi iliyokwisha kupigwa. Kinachosaidia ni kusuuza sana. Ukiiruka hatua hii, kanga itanywea ikiwa tayari imeshonwa, na mgongo mzima utajikunja.

Kata kipande cha jina ukiacha sentimita 1.5 kila upande nje ya mstari unaozunguka maandishi. Punguza ncha za pembe zisijazane, kunja kingo kwa ndani, piga pasi. Sasa kibane kwa pini, vaa jaketi, kaa, inua mikono, na umwombe mtu akupige picha kwa nyuma. Picha huonyesha upesi jina lililopinda au lililoshuka mno.

Hapa ndipo pa kuthubutu. Pindo kwenye mkono mmoja tu lina nguvu kuliko kwenye yote miwili. Korosho moja inayovuka kutoka mfuko wa kifua hadi begani inavutia kuliko tano zilizopangwa mstari. Tunashauri jinzi ibaki wazi angalau nusu ya jaketi, macho yapate pa kupumzikia.

Ukiridhika, piga bandi (mishono mirefu ya muda) kwa mkono pande zote, kisha ndipo uende kwenye cherehani. Tumia sindano namba 16, uzi wa poliesta, hatua ya milimita 3, ukipita milimita 2 kutoka ukingoni. Meno ya cherehani huvuta jinzi ya chini huku mguu ukiisukuma kanga ya juu, ndiyo maana kitambaa hufura mwishoni mwa mshono. Bandi huzuia hilo. Pini peke yake hazitoshi. Ukifika penye mishono minene, zungusha gurudumu kwa mkono, la sivyo sindano inaweza kuvunjika. Na kagua upande wa ndani usije ukaziba mfuko.

Baadaye lifue likiwa limegeuzwa ndani nje, kwa maji baridi, na ulianike kivulini. Kanga hupauka juani, na jina likafifia nayo.