Mnyauko wa viazi hauheshimu mpaka: wakulima wa Molo na Kuresoi wajipange mtaa mzima

Mwenye nusu ekari ya viazi aina ya Shangi huko Molo, Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, anaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado akakosa mavuno. Mbegu kanunua yenye lebo ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu na afya ya mimea, mbolea katia, palizi kafanya kwa wakati. Kisha mvua kubwa inateremsha maji kutoka shamba la juu, na baada ya muda viazi vinaanza kulegea mchana ilhali udongo bado una unyevu. Huo ni mnyauko bakteria. Hauna dawa, na yeyote anayekuuzia chupa ya kuutibu anakula pesa zako.

Kabla ya kumlaumu jirani, hakikisha. Kata kipande cha shina la mmea ulionyauka, karibu na ardhi, ukining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa. Ukiona nyuzi nyeupe za rangi ya maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato baada ya dakika chache, ndio wenyewe. Pasua na kiazi pia: utaona pete ya kahawia, na ukikiminya kinatoa ute mweupe. Mara nyingi udongo huwa umegandia kwenye macho yake.

Ugonjwa huu husafiri kwa mbegu, kwa maji, kwa jembe na viatu, hata kwa samadi ya ng'ombe waliolishwa viazi vibovu vibichi. Ndiyo maana shamba moja haliwezi kujikinga peke yake. Kundi la majirani wanaopakana kwenye mteremko mmoja linaweza, likikubaliana mambo machache na kuyashika.

La kwanza ni kutangaza. Watu huficha kwa aibu, au kwa kuogopa kwamba hakuna atakayenunua mbegu kwao. Kwa hivyo anayetangaza asitozwe chochote, atozwe anayeficha. Akitangaza, majirani waje kumsaidia kung'oa mimea migonjwa pamoja na viazi vyake na udongo ulioshikana na mizizi, itiwe guniani na kuzikwa mbali na mtaro. Tusiikokote shambani huku ikidondosha udongo njia nzima, kama tunavyozoea.

La pili ni maji. Mtaro wa kukinga maji uchimbwe mpakani na pande zote mbili, si wa chini peke yake, upandwe nyasi za nepia ukingoni, na maji yaelekezwe kwenye nyasi badala ya shamba la mwingine. Na mtu asioshe viazi wala majembe mtoni. Mto Njoro unateremka hadi Ziwa Nakuru, na njiani kuna watu wanaochota maji hayo kumwagilia.

Kubadilisha mazao ndipo penye ugumu. Ushauri wa kawaida ni kuliacha shamba lenye mnyauko misimu kadhaa bila viazi, ukipanda mahindi, shayiri, vitunguu au kabichi. Nyanya, hoho, biringanya na managu hazifai, maana ni jamii moja na viazi. Lakini mwenye nusu ekari atakula nini? Hapa majirani wabadilishane vipande: msimu huu viazi vyangu na vyako viwe kwako, mahindi yetu yawe kwangu, kisha tugeuze. Viazi vinavyojiotea kwenye mahindi ving'olewe vyote, la sivyo mzunguko huo ni wa bure.

Mbegu nayo ni mzigo. Ekari moja huhitaji gunia 16 hadi 20 za kilo 50, na wachache wanamudu kununua zote zilizoidhinishwa. Kikundi kinaweza kununua chache, kuzizalisha kwenye kipande kimoja ambacho hakijapandwa viazi kwa miaka, kisha kugawana.

Tukija sokoni, adui ni lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kiasi. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Broka akitaja shilingi 3,000 kwa gunia, muulize la kilo ngapi. Likiwa na kilo 150 umeuza kilo kwa shilingi 20, hata kama kichwani ulidhani ni 60, bei ya gunia la kilo 50. Kila mkulima analijua hilo. Tatizo ni kwamba mmoja akikubali lumbesa, lori linajaa kwake na wengine wanabaki na Shangi inayochipua haraka ghalani.

Kwa maoni yangu anayevunja makubaliano mara nyingi si msaliti. Ana mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo. Kikundi kisicho na akiba ya kumkopesha mtu huyo wakati wa mavuno kisijidanganye kwamba kitashinda lumbesa. Anzeni na mchango mdogo wa kila wiki na mizani moja ya kikundi.

Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alichunguza misitu, malisho na mifereji ya pamoja katika nchi nyingi. Aliona kwamba inayodumu ni ile ambayo watumiaji hutunga kanuni wenyewe, huangaliana wenyewe, na adhabu huanza ndogo. Basi kosa la kwanza liwe siku moja ya kuchimba mtaro. Faini ya pesa ije baadaye. Mkifika watu 10 mnaweza kujiandikisha kama kikundi cha jamii. Afisa wa kilimo wa wadi atawaelekeza.

Mkishapatana siku ya lori, wote mkate majani ya viazi wiki 2 kabla, ganda likomae lisichubuke. Mpime kila gunia mbele ya mwenyewe, na anayeandika kilo kwenye daftari asiwe yule anayeshika pesa.