Unataka tikiti ya useneta? Anza na daftari la wanachama

Simu huanza kuingia miaka miwili kabla ya uchaguzi. "Dada, nimeamua. Nautaka useneta. Tuanzie wapi?" Nimesimamia ofisi ya kampeni za mchujo mara mbili hapa Kaunti ya Kilifi, Pwani ya Kenya. Mara ya kwanza tulishindwa, mara ya pili mgombea wangu akapata cheti cha chama. Jibu langu siku hizi ni moja: niletee majina ya wanachama wa chama chako, wadi kwa wadi, halafu tuongee. Wengine hukata simu wakidhani nimewakwepa. Wao walikuwa wamekuja na habari za mabango na gari la spika.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na mchujo wa vyama hutangulia kwa miezi kadhaa. Kwa hivyo anayesoma haya leo hana muda mwingi kama anavyofikiri.

Kiti cha useneta kina ugumu wake. Anayetaka uwakilishi wadi anaomba kura kwa jirani zake. Anayetaka ubunge ana soko lake, msikiti au kanisa lake, shule aliyosomea. Wewe unaomba kaunti nzima. Kilifi ina maeneo bunge 7 na wadi 35, kutoka Shimo la Tewa pale Mtwapa hadi Adu ndani kabisa ya Magarini, kutoka Watamu baharini hadi Bamba kwenye ukame. Mtu wa Mariakani hana sababu ya kumjua mtu wa Gongoni. Ukijaza uwanja mmoja Malindi, umewapata watu wa Malindi, na wengi wao hata si wanachama.

Hapo kwenye uanachama ndipo kazi ilipo. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Kisiasa yaliyotiwa saini Januari 2022 yametaja njia mbili za uteuzi: mchujo wa moja kwa moja, ambao hupigiwa kura na wanachama waliosajiliwa, na ule unaopitia kwa wajumbe kulingana na kanuni za chama. Kabla hujachapisha fulana hata moja, pata nakala ya katiba ya chama na kanuni zake za uteuzi, uzisome mwenyewe, usisomewe. Kama ni wajumbe wataamua, una watu wa kuhesabika wa kuwaendea nyumbani mmoja mmoja. Kama ni wanachama wote, una kazi ya kwenda kila wadi. Nimemwona mwaniaji akitumia miezi minne kwenye mikutano ya hadhara, kisha akaambiwa wajumbe ndio watakaopiga kura, na mjumbe hata mmoja hakuwa anamjua kwa sura.

Sasa daftari. Mimi hununua kaunta buku saba, moja kwa kila eneo bunge. Kila wadi ina kurasa zake. Kwenye kila mstari naandika jina, simu, kituo anachopigia kura, nani aliyetupeleka kwake, na maneno aliyoyasema kama alivyoyasema. Nambari ya kitambulisho siandiki. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na hata isingekuwepo, mama wa watu hapaswi kuona nambari yake ikizunguka kwenye pikipiki. Pembeni naweka alama: tiki kwa aliyesema yuko nasi, duara kwa anayefikiria, na mstari kwa aliyesema ana mtu wake. Usiweke tiki kwa sababu mtu alitabasamu. Watu wa huku ni wapole, watakukaribisha maji na kukuitikia "inshallah" au "Mungu akipenda", na hiyo ni duara.

Kisha hakikisha kila mwenye tiki ni mwanachama kweli. Usimkubalie kwa maneno tu. Mwaka 2021 Wakenya wengi walipoangalia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, walijikuta wamesajiliwa katika vyama wasivyovijua. Mimi mwenyewe nilikaa chini ya mwembe huko Ganze na mama mmoja muuza makaa, tukafungua simu ya mwanawe, naye akajikuta mwanachama wa chama ambacho hata jina lake lilimshinda kulitamka. Aliinyamazia ile simu kwa muda. Kisha akaniuliza, "Sasa mimi nilikuwa wapi nikifanya hayo?" Sheria haikubali mtu kuwa katika vyama viwili kwa wakati mmoja, kwa hivyo mtu kama yeye lazima ajiondoe kule kwanza ndipo ajisajili huku. Tulimsaidia siku hiyo hiyo. Alikuwa mmoja kati ya wengi, na kama tungemwacha hadi wiki ya mchujo, angepanga foleni tangu alfajiri na kurudishwa nyumbani.

Ombi lenyewe linataka maandalizi. Wanachama watakuuliza, tena watakuuliza sana: seneta atatuletea nini? Hapa wawaniaji wengi huahidi visima, barabara na basari. Nakusihi usifanye hivyo. Seneta hana hazina ya maendeleo. NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, iko kwa wabunge, na barabara za kaunti pamoja na zahanati ziko kwa gavana. Ukimwahidi mzee wa Mwanamwinga kisima, umemdanganya, na yule mpinzani wako anayejua Katiba atakusubiri mbele ya watu.

Mwambie ukweli, ila uulete karibu na mlango wake. Mgombea wangu wa pili alijifunza kujibu hivi. Mama mmoja kule Bamba, kando ya soko la mifugo, alisimama akamuuliza, "Mheshimiwa, zahanati yetu haina dawa tangu mwezi jana. Wewe utatuletea dawa?" Akamjibu: "Mama, dawa hununuliwa na kaunti. Kaunti hupata pesa kutoka Nairobi, na Katiba inasema kaunti zote zipewe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Seneti ndiyo inayopigania pesa hizo zisipunguzwe, ndiyo inayoamua zigawanywe vipi kati ya kaunti 47, na ndiyo inayomwita gavana aeleze alizifanyia nini. Mimi sitakuletea dawa. Nitamuuliza gavana dawa iko wapi, na nitarudi hapa nikwambie alichonijibu." Yule mama alikaa chini. Wiki iliyofuata alituletea majina ya wenzake wa chama chao cha kuchangiana, na wote walikuwa wamejisajili katika chama chetu cha siasa.

Kuwa na mfano mmoja wa kazi ya Seneti ulioushika vizuri. Mimi hupenda ule wa 2020. Maseneta walivutana kuanzia katikati ya mwaka hadi Septemba juu ya fomula ya kugawana mapato, wakapiga kura wakashindwa kukubaliana, wakarudi tena na tena, kwa sababu kaunti kadhaa za Pwani na za Kaskazini zingepunguziwa fedha. Katika jambo linalohusu kaunti, kila ujumbe wa kaunti una kura moja tu, na anayeipiga ni seneta aliyechaguliwa. Kilifi na watu wake wote, kura moja. Ukilieleza hilo polepole mbele ya wazee, utaona wanavyoegemea mbele.

Kuhusu nani umwendee kwanza, si matajiri wa chama. Nenda kwa mwenyekiti wa tawi, katibu wake, kiongozi wa akina mama na wa vijana katika wadi. Hawa ndio wanaojua nani amehama, nani amefariki, nani amekasirika na kwa nini. Piga simu kabla ya kufika. Fika mwenyewe, usitume mtu. Ukikuta mzee, msalimu kwa heshima yake, kaa unapoonyeshwa, usiangalie simu. Mweleze unataka nini kwa sentensi moja: "Mzee wangu, naomba tikiti ya chama kugombea useneta, na naomba uniunge mkono." Inashangaza ni wangapi hukaa saa nzima wakisimulia maisha yao na kuondoka bila kuomba kura. Mzee atabaki akiulizana na mkewe, "Hivi alikuja kutaka nini?"

Jambo jingine linalozamisha wawaniaji wa useneta ni vita vya wadi. Katika kila wadi kuna watu kadhaa wanaoutaka uwakilishi kwa tikiti ya chama hicho hicho. Kila mmoja atataka picha na wewe, atataka jina lako kwenye bango lake. Ukimshika mmoja, umewapoteza wengine wote pamoja na watu wao. Salimia wote, piga picha na wote, usipande gari la yeyote. Mgombea wangu wa kwanza alionekana mara tatu na mwaniaji mmoja wa Kaloleni, na mapema sana wale wengine wakaanza kutupigia kampeni kinyume.

Pesa. Walipe mawakala, madereva na watu wa bodaboda wanaokufanyia kazi, waweke sahihi, na uhifadhi karatasi. Anayeshinda kutwa juani kwa ajili yako ana haki ya ujira wake. Mpiga kura usimpe kitu. Hongo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, na nimeona kwa macho yangu kwamba kura iliyonunuliwa Jumatatu hununuliwa tena na mwingine Jumatano.

Siku ya mchujo yenyewe ndiyo iliyotuangusha mara ya kwanza, na bado inaniuma. Tulikuwa na mawakala vituoni, lakini chakula chao kilibaki kwenye gari lililokwama matopeni ng'ambo ya Mto Sabaki. Kufikia saa nne usiku, wale wa Magarini walikuwa na njaa na simu zao zimezima. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Fomu za vituo kumi na kimoja zilifika bila sahihi ya mtu wetu. Tulipokwenda kulalamika mbele ya kamati ya rufaa ya chama, tulikuwa na namba zilizoandikwa kwenye viganja na ujumbe wa simu. Sisemi tulinyang'anywa. Nasema hatukuwa na karatasi ya kuonyesha lolote.

Kwa hivyo mara ya pili kila wakala alitoka nyumbani na mkoba: tochi, chaji ya mkononi, kalamu mbili, maji, mahamri na viazi, barua yake ya uwakala, na namba ya simu ya dereva wa karibu. Aliagizwa kutosogea mpaka fomu ya matokeo itiwe sahihi, aipige picha ikiwa imenyooka, atume picha kwa watu wawili tofauti, ndipo aondoke. Ukiwa na hizo picha na kuna mgogoro, unaanza na kamati ya chama, kisha Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, kisha Mahakama Kuu. Usiruke ngazi ya kwanza, maana utarudishwa hapo. Andika malalamiko yako usiku ule ule, kwa sababu siku zinazotolewa ni chache.

Na kama moyo unakwambia utajitegemea ukikosa tikiti, fanya hesabu hiyo mapema. Katiba inataka mgombea huru awe hajakuwa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na kwa useneta awe na wapiga kura 2,000 wa kaunti hiyo wanaomuunga mkono.

Ukipata cheti, kesho yake usilale. Siku ile tulianza kupiga simu saa moja asubuhi, na wa kwanza walikuwa wale wenye mstari, waliotuambia wana mtu wao. Mgombea aliwapigia mwenyewe. Mmoja wao, mzee wa Rabai, alimsikiliza hadi mwisho kisha akamwambia, "Ulikuja kwangu mara mbili. Njoo ya tatu, tule."

Zile kaunta buku saba bado ninazo chumbani. Ya Ganze imenyeshewa, kurasa zake zimeshikana. Anayeanza sasa, nitamshauri aanzie huko.