Kujipima korona kwa kijiti cha puani bila kudanganywa na jibu hasi

Kipimo cha haraka cha antijeni, yaani kinachotafuta protini za virusi, kikisema una korona, kiamini. Kikisema huna, ngoja kwanza. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za afya, ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba vipimo hivi viliwakamata takriban watu 73 kati ya kila 100 walioambukizwa na wenye dalili. Kwa wasio na dalili, 55 tu. Waliobandikwa ugonjwa wasiokuwa nao hawakufika hata mmoja kwa mia.

Angalia tarehe ya kuisha muda. Pakiti nyingi hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 30, kwa hiyo iliyoshinda juani ndani ya gari haifai. Kaseti, yaani kibao cha plastiki kinachoonyesha jibu, usiifungue mapema, maana hunyonya unyevu.

Pua ikijaa kamasi, penga. Osha mikono, ikauke. Ingiza kijiti kiasi cha sentimita 1.5 hadi 2, ukigandamize kwenye ukuta wa pua na kukizungusha mara tano, kama sekunde 15. Kisha tundu la pili, kijiti kilekile. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: kijiti kinazungushwa katikati ya tundu, hakigusi kitu, kinatoka kikavu.

Kichovye kwenye maji ya kipimo yaliyo kichupani papo hapo, koroga, na unapokitoa bana kichupa ili pamba ikamuke. Idadi ya matone ya kudondosha kwenye kaseti hutofautiana, fuata karatasi ya pakiti yako. Yakipungua, maji hayafiki kwenye mistari. Soma jibu kwa dakika zilizoandikwa, mara nyingi 15. Ukilisoma baada ya saa nzima, kivuli cha maji yaliyokauka kinaweza kuonekana kama mstari.

Mstari wa T (wa kipimo), hata ukiwa hafifu kiasi gani, ni chanya. Wa C (wa kuhakiki) usipotokea, tupa uanze na kaseti mpya. Lakini C ikitokea isikupe moyo sana: inathibitisha tu kwamba maji yamepita. Hutokea hata kijiti kisipogusa pua.

Jibu likiwa hasi, rudia. Tangu Agosti 2022, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inashauri mwenye dalili apime angalau mara mbili kwa kupishanisha saa 48, asiye na dalili mara tatu. Siku za mwanzo virusi puani huwa vichache mno kwa antijeni kuonekana. PCR, kipimo cha maabara, huviona kwa sababu huzidisha vinasaba vyake, ila inaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya kupona, hivyo haifai kwa kujua kama bado unaambukiza.

Kaseti ya korona pekee haioni influenza. Na pumzi zikibana au kifua kikiuma, nenda hospitali, hata kama kaseti inasema hasi.